Kwa Ajili ya Keki

Kila Machi, kabla theluji ya Graz haijamaliza kuyeyuka,
bahasha ya Shangazi Ardis hunifikia
na stempu tatu pale ambapo moja ingetosha,
maana hakuwahi kuiamini posta.
Ndani, hundi. Dola ishirini na tano
kwa tarakimu, kisha kwa maneno,
wino wa buluu, mwandiko wa mwalimu wa darasa la tatu,
na pale chini, kwenye mstari wa sababu:
"kwa ajili ya keki."

Mwaka wa kwanza niliipeleka benki.
Bwana Pichler aliishika kwa ncha za vidole
kama fundi viatu aliyeletewa samaki.
"Huko kwenu watu bado wanaandika hizi?"
Akafungua jedwali la ada, akanisomea polepole,
kwa huruma ya daktari wa meno:
ya kuipokea, euro kumi na tano;
ya kuituma ilikotoka ikathibitishwe, sita na nusu;
ya benki ya huko, haijulikani mpaka waikate;
ya kubadilisha fedha, kidogo tu.
Na wiki nane za kungoja.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya mkate.
Bandu bandu huisha gogo, hilo nililijua.
Sikujua kuna gogo linaloisha
na mwenye gogo bado akadaiwa shoka.

Nikairudisha mfukoni, nikanunua keki kwa pesa yangu.
Hapana. Sikununua.
Nilimpigia tu: "Asante, Shangazi, tumekula."
Uongo wenye krimu juu.

Lakini Ardis alikuwa na daftari lake.
Kila Jumapili, akitoka kanisani, alikaa mezani Bemidji
akalinganisha alichoandika na kilichotoka,
na mimi ndiye niliyekuwa tofauti:
ishirini na tano, hamsini, sabini na tano.
"Hesabu zangu zina pengo," aliniambia,
"na pengo lenyewe lina jina lako."
Nikamweleza ada, moja baada ya nyingine.
Akanyamaza. Nikasikia jokofu lake likinguruma ng'ambo ya bahari.
"Basi mwakani nitaandika hamsini."
Nikakataa. Akaandika ishirini na tano.
Alijua. Nilijua.
Bahasha zikaendelea kuja.

Kumi na moja zimo kwenye droo ya karakana,
chini ya nyuzi za fidla ninazouza.
Miezi sita, hundi hufa; hubaki mwandiko.

Ya kumi na mbili ilifika baada ya simu ya msiba.
Safari hii posta ilithibitisha shaka zake.
Neno "tano" lilikuwa limeteleza chini ya mstari.

Juni, wakili Lindquist akaniandikia kwa adabu:
nyumba imeuzwa, madeni yamelipwa, paka amepata kwake.
Limebaki jambo moja, hundi namba 4417,
iliyoandikwa, isiyowasilishwa.
Mpaka hapo akaunti ya marehemu haiwezi kufungwa.

Niliisoma sentensi hiyo nimesimama,
gundi ikikauka kwenye brashi.
Haiwezi kufungwa.
Siku tisa sikufanya lolote.
Mahali fulani Minnesota, kwenye mashine ya benki,
jina lake lilikuwa bado linapumua
kwa dola ishirini na tano.

Siku ya kumi nikavaa shati safi.
Pichler amestaafu. Kaunta sasa ni ya Bi Jelka,
jedwali ni lile lile, ada zimepanda.
"Unaelewa kwamba utapata hasara?"
"Naelewa."
"Sasa kwa nini..."
Nikamwonyesha mstari wa sababu.
Akausoma, midomo ikicheza,
kisha akagonga muhuri pembezoni kabisa,
asiuguse wino wa buluu.

Agosti taarifa ya benki ikaja:
hasi euro tisa na senti arobaini.
Daftari la Ardis, kwa upande wangu, limelingana
angalau kwenye ukurasa wa mwisho.

Nikapita kwa mwoka mikate wa kona ya pili.
Kipande kimoja, cha mbegu za mipopi.
Nikakila barabarani, bila sahani.
Sina wa kumpigia kumwambia
kwamba safari hii ni kweli.